Sikio la Kushoto

Kila jioni Pius na mdogo wake Sabina huenda bombani kuchota maji, kule kwao Igoma. Sabina ana miaka kumi, na mdomo wake hauna breki. Siku hiyo Pius alikuwa akiwatambia wavulana kwenye foleni kwamba yeye hajui kulia.

"Muongo! Jana mama alipokutoa mwiba si ulilia?" Sabina akadakia.

Wavulana wakaangua kicheko. Pius aliona aibu, aibu ikageuka hasira, akamzaba Sabina kofi la sikio.

"Huyo sasa ndiye ngosha!" rafiki yake Farouk akashangilia.

Ngosha kwa Kisukuma ni mwanaume. Pius alikuwa akilitamani jina hilo siku nyingi, akarudi nalo nyumbani kifua mbele. Mama alipouliza shavu la Sabina limefanya nini, Sabina alimtupia kaka yake jicho, kisha akajibu, "Nimeteleza bombani."

Hapo ndipo jina lilipoanza kuwa zito. Wakati wa kula, mama alimnong'oneza Sabina upande wa kushoto, naye hakugeuka. Kesho yake kila akisemeshwa aliuliza, "Nini?" huku akitega sikio la kulia. Pius aliusukuma ugali wake pembeni. Shuleni Farouk alipomwita "Ngosha!", alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwishowe alimfuata baba yake, Mzee Yeremia, kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Sabina hakuteleza. Nilimpiga mimi. Sikio moja halisikii." Machozi yakamtoka. "Nilitaka niitwe ngosha."

Baba alivua miwani yake ya kazi. Wakampeleka Sabina hospitali. Daktari akasema ngoma ya sikio imechanika kidogo. Itapona, ila maji yasiingie kabisa.

Njiani kurudi, baba akamshika Pius bega. "Mimi ndiye niliyekuwa nakwambia ngosha halii. Nilikosea, mwanangu. Kulia hakumpunguzii mtu uanaume. Lakini anayepiga mwenzake kwa sababu amechekwa, huyo ameshindwa na hasira zake mwenyewe, hata foleni nzima ikimshangilia. Kofi ulilipiga mbele ya watu. Msamaha nao utauomba hapo hapo."

Pius alichota maji peke yake mpaka daktari aliposema sikio limepona. Jioni hiyo Sabina alirudi bombani. Farouk na wenzake walikuwepo. Pius alimsogelea upande wa kushoto, akanong'ona, "Nisamehe, Sabina."

Sabina akageuka mara moja.

"Nimesikia," akasema. "Sasa sema kwa sauti, na hawa wasikie."

Pius akavuta pumzi, akasema kwa sauti, na machozi yalipomtiririka mbele ya wote hakuyafuta.