Mtaa wa Vitambaa

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Nesi aligonga mlango wa chumba cha wazazi wake akiwa na glasi ya maji ya uvuguvugu.

"Umeamkaje, mama?"

"Sijambo, mwanangu."

Jina hilo la Nesi alipewa na baba yake mwaka ule mama alipougua saratani ya titi. Nesi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, lakini alizijua saa za dawa kuliko saa za vipindi vya shule.

Sasa matibabu yalikuwa yamekwisha. Nywele za mama zilianza kuota, laini kama manyoya ya kifaranga, na mdogo wake Nesi alipenda kuzipapasa. Huyo walimwita Maswali, kwa sababu hakuchoka kuuliza. Daktari alisema mama anaweza kusafiri, mradi apumzike anapochoka. Basi likizo ilipofika, familia nzima ilikwenda mjini kwa mama mdogo, aliyeishi ghorofa ya tatu karibu na kituo cha treni.

Mama alikuwa na hamu moja tu. Yeye ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi alisikia habari za mtaa mmoja wa mjini wenye maduka ya vitambaa huku na huku, mwanzo hadi mwisho.

"Nilipokuwa nimelazwa, nikiitazama dari," alisema, "nilikuwa nautembea mtaa ule kichwani."

Asubuhi moja, baba alimpeleka Maswali kuangalia treni. Mama mdogo alikuwa kazini. Mama akavaa viatu, akafunga kitambaa chake kizuri kichwani.

"Nesi, hebu shuka ukamwulize mlinzi wa getini kama yale maduka yamefunguliwa leo."

Nesi akashuka mbio. Mlinzi akacheka. "Yako wazi mpaka jioni! Lakini mjiandae, leo watu ni kama siafu."

Nesi alipanda ngazi polepole. Alikumbuka siku mama alipoanguka bafuni. Muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa amesema hajambo. Je, akianguka katikati ya siafu hao?

"Wamefunga, mama," alisema, macho yake yakiwa ukutani. "Leo wamefunga."

"Haidhuru," mama alijibu. Akavua viatu, akafungua kitambaa kichwani na kukikunja taratibu, kisha akaketi dirishani. Nesi akamletea mto ambao hakuuomba. Alijiambia kwamba amefanya jambo jema, lakini kutwa nzima alikwepa macho ya mama.

Jioni mama mdogo aliingia akihema kwa sababu ya ngazi. "Dada, mbona hamkutoka? Nimepita mtaa wa vitambaa, pamechangamka ajabu!"

"Nesi aliambiwa wamefunga," mama akasema.

"Kwani duka likifungwa, linajifungua lenyewe?" Maswali akauliza.

Baba akamtazama Nesi. Mama hakugomba. Alimshika binti yake mkono, wakaenda jikoni.

"Mlinzi alisema nini hasa?"

Nesi alivitazama vidole vyake vya miguu. "Alisema yako wazi. Na kwamba watu ni wengi." Machozi yakamtoka. "Niliogopa utaanguka, mama. Siku ile ulisema hujambo, halafu ukaanguka!"

Mama alimvuta karibu.

"Hapo umenishika," alisema. "Nilisema sijambo huku kichwa kinanizunguka, kwa sababu sikutaka muogope. Sasa unaona matokeo yake? Nikisema sijambo, huniamini tena."

Akamfuta machozi kwa ncha ya khanga yake. "Lakini sikiliza. Ugonjwa ulinichagulia mambo mengi: nile nini, nilale lini, nitoke au nisitoke. Leo nilitaka kuchagua mwenyewe, nawe ukanichagulia tena."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Tupeane ahadi. Nikichoka, nitasema nimechoka. Nawe ukiogopa, sema unaogopa."

Kesho yake walitoka wote mapema, kabla jua halijawa kali. Majora ya vitambaa yalipangwa hadi darini, mengine yakining'inia milangoni kama mapazia. Mama alisugua kitambaa kati ya vidole, akakiinua kwenye mwanga.

"Hiki ukikifua mara moja tu, rangi yote imekwenda na maji."

"Mama, umekuja kununua au kunifilisi?" muuzaji akalalamika, na wateja wote wakacheka.

Watu waliongezeka. Katikati ya mtaa mama alisimama, akavuta pumzi ndefu. Nesi alitamani kumkokota nyumbani, lakini akajizuia.

"Nimechoka," mama alisema waziwazi.

"Naogopa kidogo," Nesi akasema.

"Vizuri. Basi tutafute kiti."

Muuzaji mmoja aliwapa kigoda kivulini. Mama akanywa maji bila haraka, huku Maswali akimwuliza baba kama vitambaa navyo huchoka kusimama. Baada ya muda mama aliinuka mwenyewe, bila kushikwa mkono. Akalisogelea jora la rangi ya manjano iliyoiva, akaomba akatiwe.

"Ni la mteja gani hilo?" baba akauliza.

"Hakuna mteja. Hili ni gauni langu."

Akamkabidhi Nesi mfuko. "Mwanangu, ukimpenda mtu, mwambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba una hofu. Uongo, hata ukiwa na nia njema, humwacha mwenzako peke yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya, tuvuke. Bado upande wa pili."