Mama Aliyefuta Nyayo za Mwanawe

Wazazi wenzangu, nisikilizeni, maana jambo hili lilitokea Kwedizinga enzi za Mdachi, na bado linatuhusu.

Asubuhi moja Mashavu alikuwa uani akipepeta mtama, moyo umemtulia, kwa kuwa mwanawe Kibwana amerudi likizo kutoka shule ya makarani huko Korogwe. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, na shule nzima hakuna aliyemfikia kwa mbio. Mara akamwona amesimama na bakuli, mikono inatetemeka, uji unamwagika.

"Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, mama. Silali tu."

Silali tu? Mashavu akaingiwa na shaka. Mkimbiaji hakosi maadui, na Uzigua nzima ilijua kwamba adui akichota mchanga wa unyayo wako akaupeleka kwa mchawi, amekumaliza. Tangu siku hiyo akawa anamfuata mwanawe na tawi la mti, akifuta kila alipokanyaga. Jirani akiinama kufunga kuni, anamkazia macho. Wifi yake Mwantumu akirefusha salamu, anajiuliza ana lake gani. Zaidi ya wote alimshuku Kaleb, Msambaa aliyesoma na Kibwana, ambaye kila mbio alikuwa wa pili.

Basi Kaleb naye akaja, kwa miguu, kutoka Korogwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimekuja kumwona Kibwana. Shuleni hulia peke yake, mama. Anaogopa..."

"Amwogope nani kama si wewe? Toka uani kwangu, na usiiname!"

Kaleb akaenda zake. Ndugu zangu, inaniuma kusema: aliyefukuzwa ndiye pekee aliyeujua ukweli.

Akida, aliyetutawala kwa niaba ya Mdachi, alikuwa amemwahidi Mhina, baba yake Kibwana, kwamba kijana akishinda tena mbio za sikukuu ya Kaisari, mfalme wa Wadachi, nyumba ya Mhina haitaitwa kwenye kazi ya lazima ya kuchimba barabara. Kila jioni Mhina alimwambia mwanawe huku akicheka, "Mgongo wangu uko miguuni mwako." Kibwana hakucheka.

Siku tatu kabla ya mbio, ukelele ulisikika shambani. Mashavu alimkuta Kibwana ameketi chini, jembe kando, mguu wa kulia umepasuka vibaya.

"Nani kakufanyia hivi?" akalia, akitazama vichakani.

"Ni mimi, mama. Sasa hakuna atakayeniambia nikimbie."

Mhina aliitwa barabarani kama wenzake, akafanya kazi miezi miwili, akarudi mzima. Mguu wa mwanawe haukupona kamwe.

MAFUNZO

Mtoto akikosa usingizi na akianza kutetemeka, tusikimbilie kumtafuta mchawi kwa jirani. Tujiulize kwanza tumemtwika nini sisi wenyewe. Mbio ni mchezo wa vijana. Tukizifanya ngao ya nyumba zetu, tunawaumiza. Na rafiki wa mtoto akija na neno, tumkaribishe akae, tumsikilize mpaka amalize.