Mikate ya Mchungaji na Barua ya Kodi

Kila asubuhi mchungaji aliwasha tanuri na mkewe akakanda unga. Kibanda chao cha mikate kilikuwa nyuma ya nyumba, na maduka saba ya mtaani yaliuza mikate yao. Kila Jumamosi walitoa fungu la kumi la faida, wakalitia katika bahasha ya kanisa. Hata wiki ambayo mikate ilidoda hawakuruka. Kwa uaminifu huo, wachache wangewashinda.

Ndiyo maana barua ya ofisi ya kodi ilimshtua mchungaji. Ilisema hajalipa kodi ya biashara kwa miaka mitatu. Aliikunja, akaificha chini ya godoro. Siku nne aliendelea kuoka mikate kama kawaida.

Lakini anayetandika kitanda ndiye anayejua yaliyo chini ya godoro.

"Baba watoto, hii nini?" mkewe aliuliza. "Mbona unabeba mzigo peke yako? Kwani mimi mgeni humu ndani?"

Mchungaji alilengwalengwa na machozi. "Nilidhani zaka inatosha, mama. Na sasa kila siku redio inamtaja yule askofu mkubwa na yule mwimbaji maarufu, eti wanadaiwa kodi. Vijana wanacheka, 'Watu wa dini hao!' Nikijulikana na mimi, nani atanisikiliza Jumapili?"

Mkewe alimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Tumwite jirani. Si anafanya kazi hukohuko?"

Jirani, mama mmoja karani wa kodi, alikuja jioni. Alikaa juu ya gunia la unga, akaisoma barua polepole.

"Mchungaji, sadaka za waumini ni za kanisa, hazimo humu. Lakini hii mikate ni ya nani?"

"Yetu, mimi na mama."

"Na faida?"

"Inatulisha. Inasomesha watoto."

"Basi hiyo ni biashara, kama ya muuza viatu. Kwa sheria yetu, faida yake inatozwa kodi. Zaka unatoa kwa imani yako, lakini hailipi kodi. Kwani mwenye duka la unga unamlipa kwa sala?"

"Alishajaribu!" mkewe alidakia. Wote watatu wakacheka.

"Nitafungwa?" mchungaji aliuliza.

"Ukijificha, deni linakua na faini juu yake. Njoo mwenyewe, na daftari lako la mauzo. Watakukadiria kodi, na unaweza kuomba kulipa kidogo kidogo. Kila ukilipa, dai risiti. Usimpe mtu pesa mkononi, hata mimi."

Kesho yake walikwenda wote wawili, maana mke alikataa kubaki. Walikubaliwa kulipa kwa miezi kumi na minane. Mzigo ulikuwa mzito, lakini ulibebeka.

Ikabaki Jumapili.

"Si lazima uwaambie," mkewe alisema, akimfunga vifungo vya shati.

"Ni lazima, mama. Wasisikie kwa watu."

Alisimama mbele ya waumini. "Ndugu zangu, sikulipa kodi ya mikate yangu. Kwanza sikujua. Nilipojua, nikaificha barua. Hapo ndipo nilipokosa zaidi. Sasa ninalipa. Msimseme askofu wa redioni peke yake."

Kisha seremala aliyekaa nyuma akainuka, kofia mkononi.

"Mchungaji, mimi nina barua kama hiyo, huu mwaka wa pili. Mke wangu hajui."

"Sasa najua," alisema mkewe, aliyekuwa ubavuni mwake. Kanisa zima likaangua kicheko, naye akamvuta mumewe aketi, akamwegemea.

Jumatatu mchungaji na seremala walikaa kwenye benchi la ofisi ya kodi. Seremala aliikunja na kuikunjua barua yake.

"Nilidhani utanihubiria," alinong'ona.

"Leo sina mahubiri," mchungaji alisema. "Hata mimi niliogopa benchi hili."

Namba ya seremala ikaitwa. Mchungaji akamshika mkono, wakaenda dirishani pamoja.