Kisima cha Mohammedtaqi

Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Bilkis alikwenda uani kuteka maji. Kisima kilikuwa palepale alipokikuta siku alipoletwa Mikindani, bibi harusi wa miaka kumi na tisa. Siku ile mumewe, Mohammedtaqi, alimtekea maji kwa mkono wake mwenyewe. Akampa kwenye kikombe cha shaba.

"Onja," alimwambia. "Pwani yote hii hupati maji matamu kama haya."

Miaka hamsini ilikuwa imepita tangu siku ile. Mohammedtaqi alikuwa marehemu. Lakini Bilkis aliikumbuka nyumba ilivyokuwa enzi zake. Msimu wa korosho wakulima walikuja kutoka Nanyamba kununua kanga na taa za chemli. Baraza lilijaa watu, vicheko na harufu ya kahawa. Mohammedtaqi hakukubali mtu aondoke na kiu. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na jirani yeyote aliteka bure.

"Maji ni sadaka," alikuwa akisema.

Sasa mtaa ulikuwa umepoa. Duka liliendeshwa na mwanawe, Ehsan, pamoja na mkewe, Kubra. Bilkis alimlea mjukuu wake Sadaf, mtoto wa miaka mitatu.

Sadaf alikuwa na shida ya tumbo. Tangu mvua zianze aliharisha, akapona, akaharisha tena. Alikula, lakini chakula hakikuonekana mwilini. Mikono yake ilizidi kuwa myembamba.

Siku moja muuguzi Veronika alibisha hodi. Alifanya kazi na watafiti waliokuwa wakichunguza matumbo ya watoto wadogo. Alimnywesha Sadaf maji ya sukari maalumu, kisha akakusanya mkojo wake kwa saa kadhaa. Baada ya wiki mbili alirudi na majibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Kubra alitoka dukani akaketi nao.

"Utumbo una ukuta wake," Veronika alianza. "Ni mwembamba sana. Umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo ambazo macho hayazioni. Seli hizo zimeshikana bega kwa bega, na juu yake pana ute. Ukuta huo una kazi mbili. Unapitisha chakula na maji viingie kwenye damu. Na unazuia vijidudu visipenye."

"Na wa Sadaf?" Kubra aliuliza.

"Wa Sadaf una nyufa. Yale maji niliyompa yalikuwa na aina mbili za sukari. Moja hupita ukutani bila shida. Nyingine ni kubwa, haitakiwi kupita. Sasa ile kubwa tumeikuta kwa wingi kwenye mkojo wake."

"Nyufa hizo zimetoka wapi?"

"Mara nyingi ni vijidudu vya kinyesi vinavyoingia kwa mdomo, tena na tena. Ute unapungua. Seli zinaachana. Mwili unapigana navyo, na utumbo unavimba kwa ndani. Hapo mtoto anakula, lakini hanenepi." Veronika alitazama uani. "Maji ya kunywa mnayatoa wapi?"

"Hapo kisimani," alisema Bilkis.

Veronika alisimama, akachungulia juu ya ukuta wa ua. Ng'ambo palikuwa na choo cha shimo, kilichochimbwa mwaka uliopita. Kilikuwa hatua kumi tu kutoka kisimani.

"Mama, maji haya msinywe bila kuyachemsha."

Bilkis alihisi kama ametukanwa yeye na marehemu.

"Wewe umekuja juzi," alisema. "Watoto wangu wote wamekua kwa maji haya. Unataka kusema mume wangu aliwapa watu uchafu?"

"Hapana, mama. Kisima hakijakosa. Mji ndio umekisogelea."

Kuanzia siku hiyo Kubra alichemsha maji ya kunywa. Lakini Bilkis aliyaonja, akakunja uso. Yalikuwa na ladha ya moshi wa mkaa. Aliona ni maji yaliyokufa. Kubra alipokuwa dukani, Bilkis alimtekea mjukuu wake maji ya kisimani katika kikombe cha shaba.

"Kunywa, roho yangu. Babu yako aliyapenda haya."

"Matamu, Dadi," alisema Sadaf. Ndivyo alivyozoea kumwita bibi yake.

Wiki haikupita. Asubuhi moja Sadaf aliamka na homa. Alipoharisha, Kubra aliona damu. Hawakungoja. Ehsan aliwasha gari, wakaenda hospitali mjini Mtwara.

Daktari alimpa dawa ya kuua vijidudu, maji ya chumvi na sukari ya paketi, na vidonge vya zinki vya siku kumi.

"Mmefanya vizuri kuwahi," alisema. "Mtoto akiharisha damu, msikae naye nyumbani hata siku moja."

Mchana Veronika alikuja kuwatazama. Alionekana kushangaa.

"Maji si mlikuwa mnachemsha?"

"Kila siku," Kubra alijibu. Machozi yalimtoka. "Nachemsha mpaka yatokote. Sijui nimekosea wapi."

Bilkis alimtazama mkwewe akijilaumu kwa kosa lisilo lake. Moyo ulimuuma.

"Hukukosea, Kubra," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa nampa ya kisimani ukiwa huoni."

Kubra aligeuka akamtazama. Alimvuta Sadaf karibu na kifua chake.

"Kuna jingine," Bilkis aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilisema watoto wangu wote wamekua. Si kweli. Kabla ya Ehsan nilikuwa na Dawood. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Aliharisha siku tatu za mvua, akaniponyoka. Tulisema ni kudra ya Mungu. Sikumtaja tena. Nikabaki nakumbuka mazuri tu."

Akamgeukia muuguzi. Kisha aliuliza, "Veronika, ni maji yale?"

"Sijui, mama. Hakuna awezaye kujua leo. Wakati ule ungefanya nini, hakuna aliyekueleza. Lakini huyu yupo hapa."

Siku ya nne walirudi nyumbani. Jioni ileile Bilkis aliketi kwenye mlango wa uani. Majirani walikuja na ndoo zao kama kawaida. Hakuwahi kusema maneno magumu namna ile.

"Maji ya kufulia na kuoshea vyombo, tekeni," aliwaambia. "Ya kunywa, chemsheni mpaka yatokote, myafunike vizuri. Mjukuu wangu alikuwa anatutoka."

Agnes, mpangaji wa ng'ambo ya ukuta, aliinamisha kichwa. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni.

"Choo ni chetu, bibi."

"Sitafuti ugomvi, mwanangu. Twende sote kwa mwenye nyumba. Kisogezwe mbali."

Mwenye nyumba alisuasua, lakini Ehsan na majirani hawakumwacha. Mwishowe shimo jipya lilichimbwa upande wa pili wa kiwanja, mbali na kisima. Nyumbani Bilkis alinunua ndoo yenye koki na mfuniko. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika, akamnawisha na Sadaf. Lakini kumnywesha mtoto hakuthubutu. Kila Sadaf alipoona kiu, Bilkis alimwita Kubra. Na Kubra alikuja, akamnywesha mwenyewe.

Miezi sita baadaye Veronika alirudi na mzani na ile sukari, na baada ya wiki mbili akaleta majibu. Safari hii Sadaf alikuwa ameongezeka kilo mbili, na sukari kubwa ilikuwa imepungua sana kwenye mkojo wake.

"Si watoto wote wanaopata nafuu haraka hivi," alisema. "Utumbo bado tunauchunguza. Lakini jambo moja tunalijua. Seli za ukuta ule hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache. Ukiacha kuubomoa, unajitahidi kujijenga wenyewe."

"Hata ukiwa umebomolewa na bibi yake?" Bilkis aliuliza.

Veronika alitabasamu. Dukani mteja aliita. Kubra alisimama, akautengeneza mtandio wake. Alimbeba Sadaf, akamweka mapajani pa Bilkis.

"Mama, ana kiu huyu. Mpe maji, mimi nahudumia mteja."

Akaenda zake dukani, wala hakugeuka kuangalia nyuma.