Kipande Juu ya Paa Jekundu

"Umekiona?"

"Nimekiona, mpenzi. Kizuri mno!"

"Kiko wapi?"

Fundi rangi akakodoa macho. Manyunyu yalikuwa yakianguka huku jua likiwaka mgongoni mwao. Kila siku ya namna hiyo mchumba wake, mwalimu wa chekechea, humvuta hadi kibarazani mwa shule wawinde vipande vya upinde wa mvua.

"Si pale juu ya paa jekundu," akajibu, akinyoosha kidole.

Mwalimu akacheka. Halafu kicheko kikamkauka.

"Paa lile ni la kijani."

Fundi akashusha mkono.

"Ukuta wa zahanati," mwalimu alisema polepole. "Uliagizwa kijani, ukatoka mwekundu. Ukasema shangazi yangu wa duka la rangi alikuuzia kopo silo."

"Nisikilize..."

"Kumbe alikupa la kijani?"

"Alinipa yote mawili, la kijani la ukuta na jekundu la milango. Mimi ndiye niliyekosea. Nyekundu na kijani sizitofautishi tangu utotoni. Huwa nasoma maandishi ya kopo, na siku ile karatasi za makopo zilikuwa zimebanduka."

"Shangazi yangu kafukuzwa dukani baada ya miaka tisa! Nawe ukaja kwetu kumpa pole!"

"Niliogopa. Fundi rangi asiyejua rangi, nani atamwita?"

"Kwa hiyo ukamtwika yeye."

 Fundi akatoa simu, akampigia mwenye duka palepale, akakiri yote mwalimu akisikia. 

Jioni ukaingia ujumbe wa shangazi: "Nimeitwa kazini. Macho si kosa lako, mwanangu. Mdomo ni wako. Kesho njoo uuseme ukweli mbele ya wateja walionicheka."

Akaenda. Duka lilikuwa limejaa. Akasimama mbele ya kaunta, kofia mkononi.

"Mama huyu hakukosea kopo. Nilikosea mimi, nikamsingizia. Shangazi, nisamehe."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akasonya. Fundi hakuinua uso.

"Umemaliza?" shangazi akauliza.

"Nimemaliza, shangazi."

"Haya. Mimi nimekusamehe. Aliyeko nje, hilo ni lenu wawili."

Mwalimu alikuwa kando ya mlango, macho yamemvimba.

"Mimi bado," akasema.

"Najua."

"Na usiniharakishe."

"Sitakuharakisha."

Mwalimu akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Twende basi. Tutembee tu, usiseme kitu."

Wakaondoka, fundi nyuma hatua moja, mpaka mwalimu alipopunguza mwendo.