Siku ya Kujileta

Kila Jumapili Earlene Tubbs alimpigia simu mwanawe, Lamont, na kila Jumapili alikata simu akiwa na majonzi. Lamont alikuwa jimbo la Indiana. Si mbali na mji wetu ulioko jimbo la Ohio, lakini hakuwa akija. Alikuwa amekamatwa hapa kwetu akiendesha gari bila leseni, akaitwa mahakamani, hakwenda. Hakimu akatoa hati ya kumkamata. Tangu hapo hata mazishi ya shangazi yake aliyasikia kwa simu.

"Njoo nyumbani, mwanangu."

"Nije nivalishwe pingu mbele yako, Mama?"

Jirani yao, Odell Pruitt, alikuwa askari wa mahakama kwa Hakimu Vernice Hollowell mpaka alipostaafu. Alipita kuleta pai ya viazi vitamu, akamkuta Earlene analia.

"Dada Earlene, mlete Siku ya Kujileta, ile ya wenye hati kujisalimisha wenyewe. Ni Jumamosi hii, kanisani."

"Hakimu Hollowell amekufa, Kaka Odell. Mambo yake yamekwenda naye. Umesahau wale polisi? Waliwatangazia watu wenye hati tiketi za bure za mpira. Watu wakaenda wanachekelea, wakatoka na pingu. Binamu yangu alivaa mpaka jezi mpya!"

"Sijasahau. Ule mtego ulimuudhi sana yule mama hakimu. Ndiyo maana akaileta mahakama kanisani, akaketi mezani kama mtu wa kawaida. Nilimwambia, 'Mheshimiwa, watakuja wahuni.' Akanijibu, 'Odell, watakuja watu wenye hofu. Weka kahawa.'"

Odell alimkumbuka sana yule mama.

"Hakimu mpya ameiendeleza siku hiyo," alisema. "Nimeuliza mwenyewe. Kwa kosa dogo kama hili, hapa kwetu anayejileta hafungwi siku hiyo. Lakini kwanza apige simu ofisi ya mawakili wa bure, waiangalie kesi yake. Akifika, aseme ukweli. Akipewa tarehe mpya, asikose."

"Na wakimchukua? Mimi ndiye nitakuwa nimemwita!"

Hata hivyo alimwita.

Lamont alipiga simu kwa wakili, na Jumamosi akaja kwa basi, amekonda. Alipomwona askari kwenye mlango wa kanisa alitaka kurudi. Earlene alimshika mkono, wakaingia. Wakili alikuwa anawasubiri.

"Kwa nini hukuja?" hakimu mpya aliuliza.

"Bosi alininyima ruhusa, Mheshimiwa. Niliogopa kupoteza kazi. Baadaye nikaogopa kuja."

"Hati nimeifuta. Kosa la leseni bado lipo. Utalijibu mwezi ujao ukiwa na wakili wako. Haya, nenda nyumbani."

Lamont hakuondoka. "Nyumbani wapi?"

"Kwa mama yako. Si ndiye huyo anayelia?"

Nje, Lamont alizunguka upande wa usukani wa gari la mama yake.

"Wewe! Leseni unayo? Pita kule!" Earlene alimfokea. Wote wakacheka. Kisha akamgeukia Odell. "Natamani Hakimu Hollowell angekuwapo nimshukuru."

"Hata mimi, dada. Kila nikiingia mle, macho yanamtafuta pale mezani."

Mwezi uliofuata Lamont alijibu kesi yake, akaamriwa asome upya udereva, akapata leseni. Alirudi kwenye chumba chake cha zamani. Anakoroma vibaya mno, ukuta mzima unatetema. Earlene husimama nje ya mlango wake asubuhi, akimsikiliza, na hataki kumwamsha.