Amependa Picha Yako

Saa mbili kasoro robo asubuhi, watu wa jengo lile la ghorofa sita walikuwa wamejazana mbele ya lifti kama wanaogawiwa kitu cha bure. Lifti haikuja. Makarani walitazama saa zao, daktari wa meno wa ghorofa ya tatu akasonya. Katikati yao alisimama dada mmoja mwenye gauni la bluu lililopigwa pasi vizuri, amekumbatia robota la kitambaa cheupe lililomfika kidevuni.

Mara wakasikia mtu anaimba. Sauti ilitoka chini, ndani ya shimo la lifti, na ilikuwa mbaya kweli. Akaibuka mwanamume wa ovaroli la kijivu, grisi kwenye paji la uso, spika masikioni, mfuko wa bisi ukining'inia mshipini. Macho ameyafumba, anavuta kiitikio.

"Kaka," yule dada akamwambia huku anacheka, "wimbo ni mzuri. Ila umeuumiza."

Akachomoa spika moja. "Mmenisikia?"

"Tangu ubeti wa kwanza."

"Basi samahanini jamani. Lifti imepona. Wimbo nitauombea."

Akampokea robota bila kuombwa na kupanda naye hadi ghorofa ya nne. Njiani akamsogezea mfuko. "Karibu bisi. Za chumvi."

"Asante, mimi ni mtu wa karanga."

"Bisi zimekukosea nini?"

"Zina kelele. Karanga mtu anakula huku anafikiri."

Mlango ulipofunguka, fundi alikuwa ameshaomba namba ya simu, na dada alikuwa ameshampa, kisha akabaki anajiuliza amewezaje.

Kwenye karakana ya ushonaji ya ghorofa ya nne walikuwa mafundi wanne, kila mmoja na sehemu yake ya shati. Mmoja alishona mikono tu, akaitwa Mama Mikono. Yule dada wa robota alishona kola, miaka tisa sasa, akaitwa Dada Kola. Umri wake thelathini na tatu. Shule aliiacha mapema kwa sababu za nyumbani, na sasa Jumatatu na Jumatano alikuwa akisoma darasa la jioni. Simu yenye kioo kikubwa alipewa na kaka yake mwezi uliopita, naye aliiweka kwa Kiswahili yote, kila kitufe, ili asiguse asichokielewa.

Mwalimu wa jioni alikuwa na sheria moja: andika kwanza kwa penseli, soma kwa sauti, kisha wino. Dada Kola aliamua kuwa simu ni wino. Kwa hiyo kila ujumbe wa fundi wa lifti aliujibu kwanza daftarini, kwa penseli.

"Ukishona kola unasikiliza nini?" fundi aliandika.

Dada akafuta mara mbili ndipo akatuma: "Kwaya. Kola inataka wimbo wa polepole. Ukisikiliza wa haraka, ncha moja inakuwa ndefu kuliko mwenzake."

"Mimi magitaa ya zamani. Sikio moja la wimbo, jingine la kamba za lifti. Na bisi."

"Utaziba lifti kwa bisi."

"Lifti yenyewe inazipenda. Jana imekataa kushuka mpaka nimeipa."

Alicheka peke yake, karanga mdomoni, sindano ikasimama. Mama Mikono akageuka. "Shoga, hiyo karanga ina nini leo?"

Siku moja fundi alimtumia wimbo wa kwaya, sauti nne zinapokezana taratibu. Kesho yake Dada Kola alipata ujasiri akaweka mtandaoni picha yake ya kwanza: kola nyeupe, ncha mbili sawasawa, juu ya kitambaa cha kijivu. Baada ya dakika tano simu ikatikisika juu ya cherehani. Maandishi yalisema: Fundi Lifti amependa picha yako.

Aliyasoma mara tatu. Akazima mashine.

Amependa. Hakuna mtu aliyewahi kumpelekea neno hilo, si kwa mdomo wala kwa karatasi. Ni kweli imeandikwa picha, hakuandikwa yeye. Lakini mwanamume mwenye haya ataanzia wapi, kama si kwenye picha? Alipiga magoti siku tatu, asubuhi na jioni, akimweleza Mungu habari za ovaroli la kijivu na ile sauti mbaya. Siku ya tatu moyo ukatulia. Akachonga penseli, akaandika, akasoma kwa sauti, akatuma:

"Nimepokea ulichonitumia. Nimekiombea siku tatu. Jibu langu ni ndiyo."

Fundi hakuchelewa. "Amina! Nilijua tu utakubali!"

Basi mambo yakawa yameisha, kwa hesabu za Dada Kola. Wiki tano aliishi kama mtu aliyechumbiwa. Alimshonea mfuko wa ovaroli uliochanika, alimfungia karanga za kukaanga kwenye karatasi, alimpigia simu kila mchana kuuliza, "Umekula?" Fundi alijibu kwa furaha, akamletea bisi, akamwimbia kwa simu vibaya vilevile. Ila neno lile hakulirudia hata siku moja. Dada alijiambia kuwa wengine husema mara moja tu, wakamaliza. Akamwambia mama yake. Mama akanunua pazia jipya la sebuleni na kusema huyo mgeni aje Jumapili, mchana.

Alhamisi, siku tatu kabla ya Jumapili hiyo, Mama Mikono alikuwa akitembeza kidole kwenye simu yake huku anatafuna biskuti.

"Ona keki hii, shoga. Huyu binti anajua kupamba! Hata fundi wako kamwona."

Dada Kola akainama kutazama. Keki ya waridi, binti mwenye kilemba cha manjano, tabasamu kubwa. Chini yake: Fundi Lifti na wengine 212 wamependa.

"Amempenda na huyu?"

"Na yule wa viatu. Na yule wa nywele. Fundi wako hana ubaguzi, anapenda wote!"

Mama Mikono alicheka mpaka makombo ya biskuti yakamrukia. Dada Kola hakucheka. Alirudi kwenye kola yake, na ncha moja ikatoka ndefu kuliko mwenzake, mara ya kwanza kwa miaka tisa.

Jioni ile alishuka kwa ngazi. Ijumaa asubuhi akapanda kwa ngazi, na robota lake. Simu ililia mara sita, akaiweka chini ya mto wa pini. Mara ya saba akapokea.

"Kola, unaumwa? Nimekuona kwenye ngazi."

"Ngazi ni za kila mtu."

"Nimekosa nini?"

"Waulize wenzangu, wa keki, wa viatu na wa nywele."

Akakata. Fundi akapanda mbio, ghorofa nne kwa miguu, yeye mwenye lifti. Alimkuta ametoka kukaa kwenye ngazi, daftari mapajani.

"Wenzako wepi? Nielekeze, maana nimepotea kabisa."

Dada akamfungulia ukurasa. Fundi akasoma yale maneno ya penseli, midomo ikicheza. Akasoma tena.

"Mimi nilidhani unasema habari za wimbo," alisema polepole. "Ule wa kwaya. Nilikutumia siku ya kabla ya picha. Nikasema, amekubali kwamba ni mzuri."

"Siku tatu mtu anaombea wimbo?"

"Wewe unaweza, Kola."

"Simu iliniambia umenipenda!"

"Nilibonyeza laiki tu!"

"Kwangu hakuna laiki. Kwangu imeandikwa amependa." Akajifuta jicho kwa kiganja. "Mama yangu amenunua pazia. Jumapili nimwambie nini? Kwamba ulibonyeza?"

Fundi akalirudisha daftari mapajani mwake.

"Basi niambie moja," Dada akasema. "Ulinipenda, hukunipenda?"

Kengele ya hatari ikalia kutoka shimoni. Mtu amekwama ndani ya lifti, na kutoka ghorofa ya tatu daktari wa meno akapaza sauti kumwita fundi. Fundi akamtazama dada, akatazama chini. "Nisubiri," akasema, akakimbia.

Dada Kola alisubiri nusu saa. Halafu akaenda nyumbani.

Jumamosi alikaa sebuleni mwa mama yake, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Pazia jipya bado lilikuwa na harufu ya dukani. Alijaribu kuomba, akashindwa kujua aombe nini: aje, asije, au siku zirudi nyuma picha isiwekwe. Alimkasirikia fundi, kisha akajikasirikia, kisha akaikasirikia simu. Na katikati ya hasira akajikuta anavuma ule wimbo wa kwaya.

Saa tisa mchana simu ikalia.

"Usikate, tafadhali," fundi akasema. "Nimeigeuza simu yangu kuwa Kiswahili kama yako. Nimesoma yote niliyoyafanya tangu mwaka jana. Kola, nimependa matairi. Nimempenda mkaanga chipsi nisiyemjua. Nimempenda mbuzi aliyevaa miwani."

Dada alibana kicheko kisitoke. "Mbuzi?"

"Miwani ilimkaa vizuri. Nimeona aibu, wallahi. Nikaanza kuziondoa hizo laiki moja moja. Yule wa keki nimemwondoa."

"Ya nini? Keki yake ni nzuri, hajakosa kitu. Mrudishie."

"Nitamrudishia. Lakini na ya kola yako nimeiondoa."

Mchele ulimponyoka vidoleni. "Umeiondoa?"

"Ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya kidole gumba. Kilibonyeza wakati mimi natafuna bisi." Alivuta pumzi. "Jana ulivyouliza nikaitwa na kengele, na sikurudi kwa sababu sikutaka kukujibu haraka halafu iwe laiki nyingine. Wewe ulishafika ghorofa ya nne siku nyingi. Mimi nilikuwa bado chini, nabonyeza kitufe, sijui hata naenda wapi. Jana jioni nilikuta karatasi ya karanga mfukoni, ule mfuko ulioushona. Nikakaa juu ya lifti nikala moja moja. Ni kweli, mtu anafikiri."

"Ukafikiri nini?"

"Kwamba nakupenda. Wewe, si picha. Nimelisema kwa mdomo, hakuna cha kubonyeza."

Dada Kola hakuwa na daftari karibu. Penseli ilikuwa chumbani. Alijibu hivyohivyo, bila kufuta.

"Njoo kesho saa saba. Na usiimbe getini."

Jumapili alikuja na shati jeupe alilonunua kule karakana, viatu vimeng'aa, mfuko wa bisi mkono mmoja na wa karanga mkono wa pili. Mama alimkaribisha mbele ya pazia, akamkagua kuanzia nywele mpaka kola, na hapo akatulia kidogo, maana kola ilikuwa imekaa sawasawa na alijua mkono ulioishona.

"Kwa hiyo ndiye wewe," mama akasema. "Mwanangu aliniambia kwamba wiki tano sasa kuna mtu anampenda."

"Shikamoo, mama. Ndiye mimi," fundi akajibu. "Simu ilinitangulia tu kusema."